Bango Limetungwa na Kompyuta, Dai Linamfuata Nani?

Makala hii inamhusu mlaji anayenunua au kuagiza kazi iliyotengenezwa kwa akili unde: bango la duka, nembo ya biashara, wimbo wa tangazo, kadi ya harusi, fulana za kwaya, picha ya kupamba ukurasa wa biashara mtandaoni. Inamhusu vilevile mpigapicha, mchoraji au mwanamuziki ambaye siku moja hukuta kazi yake, au kitu kinachofanana nayo mno, kimebandikwa mahali asipopajua. Swali linaloshughulikiwa hapa ni moja. Iwapo kazi hiyo imekiuka hakimiliki ya mtu, nani atawajibika?

Akili unde inayozungumziwa ni ile inayotunga, ambayo watu wengi huiita pia akili mnemba. Mtumiaji huandika agizo kwa maneno ya kawaida, naye hupewa picha, wimbo, video au maandishi katika sekunde chache. Programu za namna hii zimekwisha kuingia katika steshenari na vibanda vya uchapaji, na bei ya kutengeneza tangazo imeshuka. Hilo ni jambo jema kwa mfanyabiashara mdogo. Tatizo ni kwamba ile hatua ambayo zamani mtengenezaji alilazimika kuulizia picha imetoka wapi imefichwa ndani ya mashine, na mteja haioni.

Programu yenyewe haishtakiwi. Haina mali, haina anwani, wala haina nafsi mbele ya sheria. Wajibu huwaangukia watu na kampuni: aliyeitengeneza programu, anayeitoa kama huduma, aliyeiagiza itoe kazi ile, na aliyeitumia kazi hiyo hadharani au kuiuza. Kila mmoja hujibu kwa tendo lake, na fedha aliyomlipa mwenzake haimwondolei dhima yake mwenyewe. Wateja wengi hudhani kinyume cha hayo. Hudhani kwamba risiti ya fundi ni kinga.

Kinacholindwa na kisicholindwa

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, ilitungwa mwaka 1999, wakati ambapo hapakuwa na programu ya kuchora picha kwa kuambiwa. Sheria hiyo haikuhitaji kuitaja akili unde ili iiguse. Inalinda kazi asilia za fasihi na sanaa, zikiwemo vitabu, nyimbo, picha za kamera, michoro, filamu na programu za kompyuta. Mwenye kazi ndiye mwenye haki ya kuinakili, kuisambaza, kuionesha hadharani, kuitafsiri na kuigeuza. Ulinzi huanza pale kazi inapotungwa. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) hauzai haki, bali huipa ushahidi. Kwa kawaida haki hiyo hudumu katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Aidha, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, kwa hiyo picha iliyopigwa na mgeni nchini mwake inalindwa hapa Mwanza kama ile ya jirani.

Kisicholindwa ni wazo, mada na mtindo. Jiwe la Bismarck, lile linalosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, halina mwenye hakimiliki. Wapigapicha mia wanaweza kulipiga picha jua likizama, kila mmoja akawa na haki juu ya picha yake na asiwe na neno juu ya picha ya mwenzake. Lakini picha fulani ya jiwe hilo, yenye mtumbwi ule upande wa kushoto, mawingu yale, na korongo yule aliyetua kwa bahati kwenye ncha, ni kazi ya mtu. Anayelitaka jiwe analikuta ziwani bure. Anayeitaka picha ile lazima amtafute mwenyewe.

Mpaka huo huo ndio unaopima kazi za akili unde. Kuiagiza programu ichore kanga kwa mtindo wa Tingatinga hakutoshi kuwa ukiukaji, kwa kuwa mtindo hauna mmiliki. Edward Saidi Tingatinga, aliyeuanzisha, alifariki mwaka 1972, na kwa hesabu ya miaka 50 ulinzi wa michoro yake mwenyewe ulikoma mwishoni mwa mwaka 2022. Wachoraji wengine wengi wa mtindo huo, hata hivyo, wako hai na wanauza. Programu ikitoa mchoro unaorudia sehemu ya maana ya mchoro wa mmoja wao, kwa mpangilio na mistari yake, hapo si mtindo tena ulioigwa. Ni kazi.

Mlolongo wa bango moja

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa kuwa ndani yake yamo karibu maswali yote. Mwenye mgahawa karibu na soko la samaki la Kirumba Mwaloni anataka bango kubwa la plastiki: sato wa kubanika, ziwa nyuma yake, na jina la mgahawa kwa herufi nyekundu. Anamwendea fundi wa mabango. Fundi anatafuta mtandaoni, anapata picha nzuri ya machweo, anaipakia kwenye programu ya akili unde na kuiagiza iongeze sahani ya sato na kubadili rangi ya anga. Programu inatii. Bango linachapwa, linalipiwa, linatundikwa. Baada ya wiki tatu anakuja kijana mwenye kamera begani na kusema kwamba mtumbwi ule ni wa picha yake.

Tuanze na fundi. Yeye aliinakili picha alipoipakua na kuipakia, kisha akaigeuza. Kugeuza kazi ya mwingine ili kupata kazi mpya kunahitaji idhini ya mwenye kazi ya kwanza, na kubadilisha rangi ya anga hakufuti mtumbwi. Utetezi kwamba "ni programu iliyofanya" hauna uzito, kwa sababu programu ilifanya kile ilichoambiwa kwa picha iliyopewa. Fundi ndiye aliyeushika mkono wake.

Mwenye mgahawa naye anashangaa, na kwa haki. Yeye hakupakua chochote. Hata hivyo, bango linaoneshwa hadharani kwenye biashara yake na linamletea wateja, na haki ya kuonesha kazi hadharani ni miongoni mwa haki za mwenye picha. Sheria inampa mwenye picha nafasi ya kuiomba mahakama itoe amri ya kuzuia matumizi, iamuru fidia kwa hasara aliyoipata, na izingatie faida aliyoipata mkiukaji kutokana na ukiukaji huo. Kutojua kwa mwenye mgahawa kuna maana kubwa katika upande wa jinai, ambako nia huangaliwa, na kunaweza kupunguza ukali wa yale anayodaiwa. Bango, kwa vyovyote, litashushwa. Gharama ya kulichapa upya itakuwa yake mpaka atakapomdai fundi, na uwezo wake wa kumdai utategemea walichoandikiana. Mara nyingi hawakuandikiana kitu.

Sasa tubadili mfano kidogo. Fundi hakupakia picha yoyote. Aliandika tu, "Jiwe la Bismarck, machweo, mtumbwi wa mvuvi," na programu ikatoa picha inayofanana mno na ya yule kijana, kwa kuwa picha yake ilikuwa miongoni mwa mamilioni ya picha ambazo programu ilifundishwa nazo. Hapa dhima ya fundi inakuwa nyembamba zaidi, maana hakukusudia wala hakuwa na njia rahisi ya kujua. Dhima ya kampuni yenye programu inakuwa nene zaidi. Huku ndiko mahakama za dunia zinakovutana kwa sasa.

Mahakama zimesema nini

Kabla ya kwenda mbali, ipo kesi ya nyumbani inayofaa kukumbukwa ingawa haihusu akili unde. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao mbili, Dakika Moja na Usije Mjini, kama miito ya simu bila idhini yao. Kampuni ilikata rufaa na shauri likapanda ngazi. Kwa mlaji, funzo limo katika namna dai lilivyoelekezwa. Waliofikishwa mahakamani hawakuwa maelfu ya wateja walioweka miito hiyo kwenye simu zao, bali aliyeifanya biashara. Mwenye haki humfuata aliyepata faida, tena mwenye uwezo wa kulipa. Mteja wa kawaida anayesikiliza wimbo nyumbani kwake yuko mbali na dai, na sheria yenyewe inaruhusu nakala kwa matumizi binafsi ya mtu. Anayeutumia wimbo huo huo kuuza soda amejisogeza mwenyewe mbele ya mstari.

Kuhusu akili unde yenyewe, uamuzi ulio karibu zaidi na mfano wetu wa bango ulitolewa na Mahakama ya Intaneti ya Guangzhou, China, mwezi Februari 2024. Tovuti moja ilikuwa ikiwatoza wateja kwa huduma ya kutunga picha, na picha zilizotoka zilimrudia Ultraman, mhusika wa filamu za Kijapani. Tovuti haikuwa imeitengeneza programu hiyo. Ilikuwa ikitumia ya kampuni nyingine, kama fundi wetu anavyotumia. Mahakama ilisema mtoa huduma anawajibika, ikamwamuru alipe yuani 10,000 na aweke vizuizi ili picha hizo zisitoke tena. Ilimlaumu pia kwa kutokuwa na njia ya kupokea malalamiko na kwa kutowatahadharisha watumiaji wake. Kiasi cha fedha ni kidogo, lakini hoja ni nzito: kukodi programu ya mwingine hakumgeuzi mtoa huduma kuwa mpita njia.

Mwezi Novemba 2025 zilitolewa hukumu mbili, moja London na nyingine Munich, zikiwa zimeachana kwa wiki moja tu, na hazikusema lugha moja. London, katika kesi ya Getty Images dhidi ya Stability AI, mahakama ilikataa kuiita programu yenyewe kuwa nakala haramu, kwa hoja kwamba haihifadhi picha ndani yake. Getty ilipata ushindi mdogo tu upande wa alama za biashara, kwa kuwa matoleo ya mwanzo ya programu yalitoa picha zenye alama ya Getty iliyofifia juu yake. Munich, chama cha haki za muziki cha Ujerumani, GEMA, kiliishtaki OpenAI kwa ajili ya maneno ya nyimbo 9. Mahakama ilikubali kwamba maneno hayo yalikuwa yamehifadhika ndani ya programu, na kwamba hilo pekee ni kunakili. Kisha ikaongeza jambo ambalo mlaji anapaswa kulishika: maneno ya wimbo yanapotoka kwa agizo jepesi la mtumiaji, anayejibu ni mwendeshaji wa programu, si mtumiaji.

Neno "jepesi" ndilo la kuangalia. Anayeuliza swali la kawaida akapewa kazi ya mtu hawezi kuwekwa kundi moja na anayeipakia kazi hiyo mwenyewe, au anayeandika jina la msanii na la wimbo ili apate kitu cha karibu kabisa. Kadiri agizo linavyolenga kazi fulani, ndivyo dhima inavyohama kutoka kwa kampuni kwenda kwa mwandishi wa agizo. Hukumu hizi haziwafungi majaji wa Tanzania, ingawa mawakili huzisoma na huzitaja mahakamani pale sheria ya nyumbani inapokuwa kimya.

Huko Marekani mvutano umekuwa juu ya chakula kilichoinenepesha programu. Mwezi Juni 2025 jaji mmoja wa California, katika shauri la waandishi wa vitabu dhidi ya kampuni ya Anthropic, aliona kwamba kuifundisha programu kwa vitabu kunaweza kuwa matumizi halali kwa sheria ya nchi hiyo, lakini kukusanya vitabu kutoka maktaba za wizi mtandaoni si halali. Miezi michache baadaye kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu kilichohusika. Fedha hizo zililipwa na kampuni. Wateja wake hawakudaiwa kitu, na kwa mlaji wa kawaida hiyo ni faraja: dhambi za namna programu ilivyofundishwa si mzigo wake. Mzigo wake ni kile anachokiagiza na anakokipeleka.

Nyimbo, ngoma na sauti

Muziki una ugumu wake, maana watu wa Kanda ya Ziwa wanajua vizuri jinsi wimbo unavyoweza kuzaliwa mara mbili. Maria Salome, wimbo wa Saida Karoli wa Kagera, ulirudi masikioni mwa watu mwaka 2016 ndani ya Salome ya Diamond Platnumz na Rayvanny. Wimbo unaojengwa juu ya wimbo mwingine ni kazi halali yenye haki zake, lakini mlango wake ni idhini ya mwenye wimbo wa kwanza. Programu ya kutunga muziki haibishi hodi. Ukiipa rekodi na kuiagiza ikutengenezee "wimbo kama huu" kwa ajili ya tangazo la duka lako, wewe ndiye uliyeuruka mlango.

Rekodi moja, tena, huwa na wenyewe zaidi ya mmoja. Mtunzi ana hakimiliki ya maneno na melodia. Mwimbaji na mzalishaji wa rekodi wana hakishiriki, yaani haki zinazoambatana na utendaji na urekodi. Mtu aliyepewa ruhusa na mtunzi peke yake bado hajapewa ruhusa ya kuchukua rekodi.

Sauti ya mtu ni jambo jingine. Programu inaweza kuiga sauti ya mwimbaji ikaimba maneno ambayo hakuyaimba kamwe, bila kunakili rekodi yoyote. Sheria ya hakimiliki hulinda kazi na utendaji, si koo la mtu, na hapo pana pengo. Lakini kukosekana kwa dai la hakimiliki hakumaanishi kukosekana kwa dai. Tangazo linalowafanya wateja waamini kwamba msanii fulani anaisifu bidhaa ni upotoshaji kwa mlaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaukataza. Picha ya sura ya mtu, pamoja na sauti yake, ni taarifa zinazomtambulisha, nazo zina ulinzi wake katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Zipo pia kazi zisizo na mtunzi mmoja. Ngoma za Wasukuma, mashindano ya Bagika na Bagalu, nyimbo na mitindo inayotunzwa katika Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, zote ni mali ya jamii. Wengi hudhani kwamba kwa sababu hazina mtunzi anayejulikana, basi ni za bure. Sheria ya mwaka 1999 ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi: anayezitumia kwa kusudi la faida, nje ya muktadha wake wa kimila, anahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Kundi la vijana linalocheza bugobogobo kwenye arusi ya kijijini halimo katika sharti hilo. Kampuni inayochukua rekodi ya ngoma, ikaipitisha kwenye programu na kuuza mdundo uliotoka humo, ni vigumu kuona itakavyolikwepa. Kwa maoni ya mwandishi, sehemu hii ya sheria ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo itakayokuja kuhitajika zaidi.

Je, kazi uliyolipia ni yako?

Mfanyabiashara anayelipia nembo hutarajia iwe yake peke yake. Kwa kazi iliyotungwa na akili unde bila mkono wa maana wa binadamu, matarajio hayo yana shaka. Sheria yetu humwona mtunzi kuwa ni mtu halisi aliyeibuni kazi. Mahakama ya Rufaa ya Washington ilisema mwezi Machi 2025 kwamba mashine haiwezi kuwa mtunzi. Mahakama ya Intaneti ya Beijing, kwa upande mwingine, mwaka 2023 ilimpa hakimiliki mtumiaji aliyeitengeneza picha kwa maagizo mengi na marekebisho ya subira. Kwa hiyo mshindani wako anaweza kuichukua nembo yako, nawe ukakosa hakimiliki ya kumzuia. Njia iliyo imara zaidi kwa nembo ni kuisajili kama alama ya biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), baada ya kuhakikisha kwamba haifanani na ya mwingine iliyosajiliwa.

Kabla ya kulipa

Muulize fundi kwa maneno ya wazi kama ametumia akili unde, programu gani, na kama alipakia picha, wimbo au mchoro wa mtu. Fundi mwaminifu hatakasirika. Soma, au mwombe akusomee, masharti ya programu hiyo kuhusu matumizi ya kibiashara, kwa kuwa baadhi ya huduma za bure haziyaruhusu kabisa, na baadhi ya zile za kulipia huahidi kumtetea mteja akidaiwa ilimradi hakulenga kazi ya mtu. Mwambie pia akuhifadhie maagizo aliyoyaandika. Siku ya dai, maagizo hayo yatakuwa shahidi wako wa kwanza kwamba hukumlenga mtu.

Kisha andikianeni, hata kama ni karatasi moja. Maneno yafuatayo yanatosha kwa kazi nyingi ndogo: "Mtengenezaji anathibitisha kwamba kazi hii haikunakili wala kugeuza kazi ya mtu mwingine bila idhini. Iwapo litatokea dai la hakimiliki lililosababishwa na namna alivyoitengeneza kazi hii, mtengenezaji atamrudishia mteja malipo yake na kulipa gharama za kuibadilisha." Karatasi hiyo haimzuii mwenye picha kukudai wewe. Inakupa haki ya kumgeukia fundi baadaye. Kama bajeti inaruhusu, mnunulie picha mpigapicha wa hapa hapa na upate ruhusa yake kwa maandishi. Hakuna programu inayolijua ziwa hili kama yeye.

Ukipokea dai, usilijibu kwa matusi wala kwa ukimya. Omba uoneshwe kazi ya asili na ushahidi wa tarehe, linganisha mwenyewe, na kama kufanana ni kwa wazi, shusha bango au ondoa tangazo wakati mazungumzo yakiendelea. Kuendelea kulitumia baada ya kujulishwa ndiko kunakombadilisha asiyejua kuwa anayejua. Fundi akiwa alikuambia kwamba picha aliipiga mwenyewe, na si kweli, unaweza kumlalamikia kwa Tume ya Ushindani (FCC) kwa kukupotosha.

Wewe ukiwa ndiye uliyeibiwa kazi, kusanya ushahidi kabla ya kumwendea mtu yeyote: faili la asili kutoka kwenye kamera au simu, tarehe yake, mahali ulipoichapisha kwanza, picha ya skrini ya ukiukaji ikionesha anwani ya ukurasa, na picha ya bango pale lilipotundikwa. Peleka malalamiko COSOTA, ambako migogoro mingi midogo husuluhishwa bila mahakama. Kwa kazi iliyo mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamruhusu mwenye haki kumpelekea mtoa huduma taarifa ya maandishi akimtaka aiondoe. Taarifa hiyo ioneshe jina na anwani yako, saini yako, haki iliyokiukwa, mahali hasa ilipo kazi inayolalamikiwa, na hatua unayotaka ichukuliwe. Mtoa huduma anayehifadhi tu maudhui ya wengine ana kinga mpaka atakapojulishwa. Akijulishwa na asifanye kitu, kinga yake inaanza kupotea. Kampuni inayoitunga picha kwa mashine yake itapata shida kujiita mhifadhi tu. Kwa hiyo, katika barua hiyo, eleza wazi kama unalalamikia picha iliyowekwa na mtu au picha iliyotolewa na programu yenyewe, na kama unalijua, ambatanisha agizo lililoitoa.